Nusu Karne ya CEPGL na Watu wa Petite Barrière

Mkataba ulioanzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, ile ambayo wenyeji wa Gisenyi, Goma na Bujumbura huiita CEPGL kwa herufi zake za Kifaransa, ulitiwa saini Gisenyi tarehe 20 Septemba 1976. Waliotia saini walikuwa marais watatu: Juvénal Habyarimana wa Rwanda, Michel Micombero wa Burundi na Mobutu Sese Seko wa Zaire, Kongo ya leo. Wiki sita baadaye, tarehe 1 Novemba, Micombero akapinduliwa na Jean-Baptiste Bagaza. Habyarimana aliuawa ndege yake ilipotunguliwa Kigali tarehe 6 Aprili 1994, na Mobutu akaikimbia Kinshasa Mei 1997 waasi wakiwa mlangoni. Jumuiya waliyoiunda imeishi kuliko wote watatu, na tarehe 20 Septemba 2026 ni miaka 50 kamili tangu siku ile. Siku kama hiyo kwa kawaida husomwa majina ya wakubwa na kutajwa mikutano yao. Mimi nadai kwamba kilichodumu katika kazi ya CEPGL hakikuhifadhiwa na wakubwa. Kilihifadhiwa na wachuuzi wa mpakani, hasa wanawake, katika kivuko kimoja, Petite Barrière, kilichomo katika mji uleule ambamo mkataba ulitiwa saini, nao ni watu ambao mkataba haukuwauliza neno lolote. Atakayeandika historia ya Jumuiya hii bila Petite Barrière ataandika historia ya karatasi.

Gisenyi, leo makao ya wilaya ya Rubavu, na Goma ni miji iliyogusana nyumba kwa nyumba kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu. Njia rasmi za kuvuka kutoka mji hadi mji ni mbili. Ile iliyo karibu na ufuko, Grande Barrière au La Corniche, ndiyo njia ya magari, ya wageni na ya wenye pasipoti. Petite Barrière iko juu zaidi, kati ya mitaa yenye watu wengi, Mbugangari kwa upande wa Rwanda na Birere kwa upande wa Kongo, na hiyo ni ya waendao kwa miguu. Kabla ya janga la Uviko-19 makumi ya maelfu ya watu waliivuka kila siku, idadi iliyoifanya kuwa miongoni mwa vivuko vya miguu vyenye msongamano mkubwa kabisa barani Afrika. Asubuhi zinavuka nyanya, vitunguu, kabichi, viazi, nyama na maziwa kwenda Goma. Jioni vinarudi vitenge, vipodozi, sabuni na fedha. Mizigo mizito huvushwa na watu wenye ulemavu juu ya baiskeli zao kubwa za magurudumu matatu, kazi waliyoifanya kuwa yao kwa miaka mingi na kuiundia vyama vya ushirika. Kiswahili na Kinyarwanda husikika pande zote mbili, na katika bei zinachanganyika faranga za nchi mbili na dola bila mtu kushangaa.

Mstari unaokatwa na kivuko hiki ulichorwa mbali na hapo. Mkutano wa Brussels wa 1910 uliwakutanisha Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza kugawana eneo ambalo wakazi wake hawakualikwa. Miaka sita baadaye Wabelgiji waliwaondoa Wajerumani Rwanda, na kuanzia hapo mpaka ukawa wa kiutawala tu ndani ya himaya ya taifa moja, huku serikali ya kikoloni yenyewe ikiwahamisha makumi ya maelfu ya Wanyarwanda kwenda Masisi tangu 1937 ili wapatikane watu wa kufanya kazi Kivu. Uhuru wa Kongo tarehe 30 Juni 1960, na wa Rwanda na Burundi tarehe 1 Julai 1962, ndio uliougeuza mstari huo kuwa mpaka wa mataifa, na tayari wakati huo wakimbizi Watutsi waliofukuzwa Rwanda kuanzia 1959 walikuwa wamekwisha kuvuka. Mpaka wa Gisenyi na Goma ulizaliwa ukiwa na maswali mawili yaliyofungamana: nani ana haki ya kupita, na nani anahesabiwa kuwa hatari akipita.

Waasisi wa CEPGL waliyajibu maswali hayo kwa mpangilio maalumu, na mpangilio huo unastahili kuchunguzwa kwa makini kwa sababu ndio chanzo cha mengi yaliyofuata. Lengo la kwanza katika mkataba ni usalama wa dola na wa raia wake, kwamba mtu yeyote asivuruge utulivu katika mipaka ya nchi hizi. Baada ya hapo ndipo yanakuja maendeleo, biashara na mwendo huru wa watu na bidhaa. Fikra ilikuwa kwamba serikali zikihakikishiana usalama, uhuru wa kuvuka utafuata kama zawadi. Taasisi zikagawanywa kwa usawa wa kisiasa: sekretarieti Gisenyi, benki ya maendeleo Goma, kituo cha utafiti wa kilimo na mifugo Gitega, shirika la nishati Bujumbura, na kampuni ya umeme ya SINELAC Bukavu, ambayo mwaka 1989 ilianza kuzalisha umeme wa nchi tatu katika bwawa la Ruzizi II. Tarehe 1 Desemba 1985 ikapitishwa hati ya mwendo huru wa watu, bidhaa, huduma na mitaji, pamoja na haki ya kuishi na kufanya kazi katika nchi nyingine mwanachama. Mkazi wa eneo la mpakani aliweza kuvuka kwa kibali rahisi cha Jumuiya badala ya pasipoti, na baadaye kwa kile kikaratasi cha siku moja ambacho watu wa Goma na Gisenyi wanakiita jeton. Katika kazi zote za CEPGL, mwananchi wa kawaida aliishika kwa mkono wake mwenyewe hii moja tu.

Kisha kilichowekwa mwanzo wa mkataba kikavunjika chote. Katikati ya Julai 1994, mwishoni mwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu wapatao 850,000 walivuka kutoka Gisenyi kuingia Goma kwa siku chache tu, wakiwamo wauaji wenye silaha pamoja na raia waliowakokota. Kipindupindu na kuhara damu viliua watu wanaokadiriwa kufikia 50,000 ndani ya wiki chache. Novemba 1996 mamia ya maelfu walirudi kwa miguu kwa njia ileile kambi ya Mugunga ilipovunjwa. Vita ya kwanza ya Kongo ikaanza mwaka huohuo, ya pili ikafuata Agosti 1998, na kila dola mwanachama ikawa na waasi wa jirani ndani ya ardhi yake au askari wake ndani ya ardhi ya jirani. Katika hali hiyo Jumuiya iliacha kufanya kazi. Vikao vya wakuu havikuitishwa, benki ya Goma ikalala, hati ya 1985 ikawa haina wa kuisimamia. Kwa zaidi ya miaka 12 CEPGL haikuwapo isipokuwa kwa jina na majengo.

Wakati huohuo Petite Barrière iliendelea. Kuna tukio moja la miaka hiyo ambalo watafiti wa amani hulipitia haraka mno. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka, lava ikapita katikati ya Goma, na watu kati ya 300,000 na 400,000 wakakimbia, wengi wao wakiingia Gisenyi. Hii ilikuwa miaka minane tu tangu 1994, vita ya pili haijamalizika, na jeshi la Rwanda liko ndani ya Kongo. Kila sababu ya chuki ilikuwapo. Wakongo walipokelewa, wakalala katika nyumba, makanisa, shule na barabara za Gisenyi, na baada ya siku mbili tatu wengi wakakataa kambi walizoandaliwa ndani ya Rwanda, wakarudi Goma huku lava ikiwa bado moto. Mei 2021 mlima uleule ulipolipuka tena na Goma ikaamriwa kuhamishwa, safari ya kwenda Rubavu ilirudiwa, mara hii matetemeko yakibomoa nyumba za wenyeji na za wageni kwa pamoja. Hakuna ibara ya mkataba iliyomlazimisha mtu wa Gisenyi kufungua mlango. Aliyefungua alikuwa na wadeni wake Birere, alikuwa na wateja, alikuwa na shangazi aliyeolewa huko. Ukaribu huo ulijengwa kwa kuvuka kila siku, na ulikuwa umejengwa tayari kabla ya msiba kuja.

Inafaa kueleza namna ukaribu huo unavyofanya kazi, maana neno amani linapotajwa bila maelezo haya hubaki maneno ya mezani. Biashara ya Petite Barrière huendeshwa kwa mkopo. Mchuuzi wa Rubavu humpelekea mwenzake wa Birere makapu ya nyanya bila kulipwa papo hapo, naye hulipwa jioni au kesho yake baada ya mauzo. Nyanya haingoji, kwa hiyo mwaminifu hupata mzigo wa kesho na asiye mwaminifu hukosa. Deni likikwama, mahakama haimsaidii mtu, kwa kuwa hukumu ya Rubavu haina nguvu Goma na ya Goma haina nguvu Rubavu. Rwanda ina Abunzi, wasuluhishi wa jadi waliopewa nafasi ya kisheria katika miaka ya 2000 kusikiliza kesi ndogo katika ngazi za chini za utawala, na Goma ina wakuu wa mitaa na wazee wa nyumba kumi. Mamlaka ya wote hao yanaishia kwenye kizuizi. Pale yanapoishia ndipo viongozi wa vyama vya wachuuzi wanapolazimika kukaa pamoja, wa upande huu na wa upande ule, wakasikiliza nani alipokea nini na kwa bei gani, na wakaweka tarehe ya kulipa. Adhabu yao ni moja tu na inatosha: asiyelipa hapati mzigo. Usuluhishi huu haukuagizwa na mfadhili wala haukuanza kwa semina. Ulikuwapo kwa sababu bila huo soko lingekufa.

CEPGL ilifufuliwa mwaka 2007 kwa msukumo na fedha za Umoja wa Ulaya, miaka mitano baada ya makubaliano ya Pretoria kati ya Kongo na Rwanda. Ufufuo huo ulileta mikutano mingi kuliko matunda, na sina haja ya kuurefusha. Lililo muhimu zaidi la miaka ile lilitokea pembeni yake, pale mashirika ya kiraia ya pande mbili yalipoanza kuichukulia biashara ndogo ya mpakani kama kazi ya amani. Pro-Femmes Twese Hamwe, mwavuli wa mashirika ya wanawake wa Rwanda ulioanzishwa 1992, lilifanya kazi na wachuuzi wa Rubavu. Pole Institute ya Goma, iliyoanzishwa 1997 vita vikiendelea, iliwakutanisha wasomi na raia wa pande zote kujadili kile ambacho serikali zilikuwa zinapigania. International Alert likaendesha mradi ulioitwa Mupaka Shamba Letu, jina la Kiswahili cha Kivu ambalo halihitaji kufasiriwa kwa mwanamke anayelisha watoto kwa kuvuka mara mbili tatu kwa siku. Vikundi vya mazungumzo viliwaweka wachuuzi wa nchi mbili pamoja, na baadaye pamoja na maofisa wa forodha, uhamiaji na polisi, ili malalamiko yasemwe mbele ya yule yanayemhusu.

Na malalamiko yalikuwapo. Mwaka 2011 Benki ya Dunia ilichapisha uchunguzi wa wachuuzi wadogo katika vivuko vya Maziwa Makuu, Petite Barrière kikiwa miongoni mwavyo. Asilimia 85 ya waliohojiwa walikuwa wanawake. Wengi mno walieleza kwamba hawavuki bila kutoa hongo, na zaidi ya nusu walikuwa wamepatwa na vitisho, kupigwa au unyanyasaji wa kijinsia. Uchunguzi huo, pamoja na sauti za vyama vyenyewe, ulisaidia kusukuma mabadiliko ambayo vikao vya marais havikuwahi kuyafikia: orodha ya bidhaa na ushuru kubandikwa ukutani watu waisome, utaratibu rahisi wa COMESA, soko la pamoja la Afrika Mashariki na Kusini, kwa mizigo ya thamani ndogo, maofisa wa kutoa habari kwa wachuuzi, na majengo mapya ya kivuko chini ya mradi wa kurahisisha biashara wa Maziwa Makuu ulioidhinishwa na Benki ya Dunia 2015. Atakayeyaona mambo haya kuwa madogo mno kuitwa amani ahesabu ni mara ngapi vurugu za mpakani huanza na mwanamke aliyenyang'anywa beseni na umati uliokuwa ukitazama.

Pingamizi la kwanza ni zito na lazima lisikilizwe. Kama kuvuka kunajenga amani, mbona vita havikukoma? Waasi wa M23 waliiteka Goma tarehe 20 Novemba 2012. Agosti 2013 makombora yaliangukia Rubavu na kuua. Juni 2022 waandamanaji wa Goma walielekea mpakani wakipaza sauti dhidi ya Rwanda, na tarehe 17 mwezi huo askari wa Kongo aliingia kwa risasi Petite Barrière yenyewe, akajeruhi polisi wa Rwanda na kuuawa. Kongo ikaamua kivuko kifungwe saa tisa alasiri. Januari 2025 Goma ilitekwa tena, watu wakavuka kukimbilia Rubavu, na risasi na makombora vikawaua wakazi wa Rubavu nyumbani kwao. Haya yote ni kweli. Lakini vita hivyo viliamuliwa na nani? Hakuna hata kimoja kilichoanzia kati ya Mbugangari na Birere. Wachuuzi hawana jeshi, hawana kura katika baraza la mawaziri, na hakuna aliyewauliza kabla ya risasi ya kwanza. Kuidai amani ya sokoni izuie vita vya dola ni kuipa kazi ambayo haikupewa nguvu ya kuifanya. Kipimo cha haki ni kutazama kile kilicho ndani ya uwezo wake, yaani kasi ya watu kurudi kuvuka baada ya kila vita, na uhaba wa visasi kati ya raia wa miji hii miwili katika miaka ambayo propaganda ya pande zote iliwaalika kulipizana. Kwa kipimo hicho Petite Barrière imeshinda kila mara, na usalama wa dola uliowekwa kifungu cha kwanza umeshindwa kila mara. Mpangilio wa 1976 ulikuwa umegeuzwa juu chini.

Pingamizi la pili linasema kwamba biashara ya mpakani ni sehemu ya ugonjwa, kwamba kupitia mipaka hii madini ya Kivu yametoka na kulipia bunduki. Magendo ya madini ni kweli na ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeyaeleza mwaka baada ya mwaka. Ila haki inadai tutofautishe. Faida ya vita inahitaji ulinzi wa wenye vyeo na usiri. Biashara ya nyanya inahitaji kivuko kilicho wazi, saa zinazojulikana na ushuru uliobandikwa ukutani. Mfanya magendo ananufaika mpaka ukivurugika, muuza nyanya anafilisika. Kwa hiyo anayetaka kuubana uchumi wa vita angewaimarisha wachuuzi kwanza, badala ya kuwafungia kivuko kila mara wakubwa wanapogombana. Hata hivyo kufunga ndiko kunakofanyika: adhabu ya ugomvi wa dola humfikia mwenye beseni siku hiyohiyo.

La tatu linahusu hatari ya kuitukuza amani ya wenyeji, na Kivu inao mfano wake wa uchungu. Mwaka 1998 iliundwa mjini Goma Barza Intercommunautaire, baraza la wazee wa jamii za Kivu Kaskazini, Wahunde, Wanande, Wanyanga, Wahutu, Watutsi na wengine, kusuluhisha ugomvi wa ardhi na wa makabila kabla haujawa vita. Ilisaidia kwa miaka kadhaa. Kuelekea uchaguzi wa 2006 wanasiasa waliingia ndani yake, kila mmoja akivuta wazee wa kabila lake, na baraza likasambaratika. Hata kabla yake, baada ya mauaji yaliyoanzia Ntoto Machi 1993, viongozi wa kijamii wa Masisi na Walikale walifanya mikutano ya upatanisho iliyotuliza eneo hilo hadi wimbi la Julai 1994 lilipolizamisha. Mifano hii miwili inatuonya, ni kweli. Hata hivyo si onyo lilelile. Upatanisho wa 1993 uliuawa kutoka nje. Barza iliuawa kutoka ndani, kwa sababu uanachama wake ulikuwa wa kabila, na anayetaka kumiliki kabila alijua mlango wa kuingilia. Vyama vya Petite Barrière vimejengwa juu ya kazi. Mwanachama huingia kwa sababu anauza, na mwenzake wa upande wa pili ni mtu wa taifa jingine ambaye bila yeye hapati chakula cha jioni. Navyo vinaweza kutekwa, na mwenyekiti mmoja mwenye tamaa anatosha kuanza, lakini mtekaji atalazimika kuvunja soko kwanza.

Kuna jaribio moja ambapo njia mbili za kuutawala mpaka zilipimwa karibu bega kwa bega, na halikuhusu bunduki. Tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa wa kwanza wa Ebola alithibitishwa Goma, na siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa huku likishauri mipaka isifungwe. Petite Barrière ilibaki wazi. Kila aliyevuka alinawa mikono, akapimwa joto, na wachuuzi wakawa wasimamizi wa wenzao. Tarehe 1 Agosti Rwanda ilifunga mpaka kwa saa chache, kisha ikaufungua. Ebola haikuingia Rwanda. Machi 2020 Uviko ulipokuja, uamuzi ulikuwa mwingine: kivuko kilifungwa kwa watu, mizigo ikaruhusiwa kwa malori tu. Ugonjwa huu mpya ulikuwa wa namna nyingine, na sidai kwamba kufunga hakukuwa na sababu. Nasema kuhusu namna ya kufungua. Kivuko kilipofunguliwa, masharti ya vibali na gharama zake yaliongezeka, wanawake waliokuwa wamekula mtaji wao miezi ya kufungiwa hawakuweza kuyamudu, na idadi ya wavukaji haikurudi ilivyokuwa. Mwaka 2019 wachuuzi walishirikishwa na mpaka ukalindwa na maisha pia yakalindwa. Mwaka 2020 na 2021 waliamuliwa, na waliokuwa maskini kuliko wote wakaachwa nje ya kivuko walichokijenga wao.

Sasa makubaliano mapya yako mezani. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia saini mkataba wa amani Washington, na ndani yake kuna mpango wa ushirikiano wa kiuchumi wa kanda. Msomaji wa mkataba wa 1976 ataufahamu upesi: usalama wa dola mwanzo, uchumi baadaye, na wanaovuka kwa miguu hawatajwi kama washiriki. Wengine wanasema CEPGL imepitwa na wakati hata hivyo. Wanachama wake wote watatu wamo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Kongo ilipoingia 2022, wamo COMESA, wamo katika Mkutano wa Kimataifa wa Maziwa Makuu. Wanachama hao hawaelewani hata wao kwa wao, Burundi ikiwa imeufunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Hoja hii ingenishawishi kama kazi ya Jumuiya ingekuwa kuwapatanisha marais. Kazi hiyo wengine wanaifanya, kwa mafanikio wanayoyajua wao. Ila Jumuiya ya Afrika Mashariki iko Arusha, COMESA iko Lusaka, na Mkutano wa Maziwa Makuu una makao yake Bujumbura. CEPGL peke yake ina makao katika mji wenye Petite Barrière, na hati yake ya 1985 bado ndiyo msingi wa haki ambayo mchuuzi anaweza kumtajia ofisa anayemzuia.

Kwa hiyo maadhimisho ya miaka 50 yangeweza kuwa na kazi. Saa za kufungua na kufunga Petite Barrière zinaweza kuwekwa chini ya kamati ya miji miwili yenye viti vya vyama vya wachuuzi, vya wanawake na vya wenye ulemavu wanaovusha mizigo, na kufunga kwa dharura kukawa na muda na sababu zilizoandikwa. Bei ya jeton na ya kibali cha Jumuiya inaweza kuwekwa kiasi ambacho faida ya kapu moja la nyanya inakilipa. Usuluhishi wa madeni unaofanywa na viongozi wa vyama unaweza kutambuliwa rasmi pande zote mbili, ili maamuzi yao yaandikwe na kuheshimiwa na Abunzi wa Rubavu na wakuu wa mitaa wa Goma. Na maofisa wa forodha na uhamiaji wa nchi mbili wanaweza kulazimishwa kuhudhuria vikao vile vya malalamiko ambavyo hadi leo vimetegemea miradi ya wafadhili, miradi ambayo huisha bajeti ikiisha. Hakuna hata moja katika haya linalosubiri marais watatu kukaa chumba kimoja. Yanasubiri sekretarieti ya Gisenyi iwaalike watu wanaovuka, ambao baadhi yao wanakaa karibu kiasi cha kuja kwa miguu.